Viziwi Waongoze Ngoma

JICHO LA UTAMADUNI
Na Rehema Kidawa

Kila tamasha linapotangaza kwamba kikundi cha viziwi kitacheza, swali huwa lile lile: watachezaje na hawasikii muziki? Anayeuliza hana nia mbaya. Lakini swali lake linachukulia kwamba muziki unaishia masikioni, na dhana hiyo ndiyo inayowafungia viziwi mlango wa uongozi katika sanaa.

Tuanze na mwili wenyewe. Chini ya ngozi ya nyayo na viganja kuna vipokezi vidogo vinavyonasa mtetemo, na huwa vikali zaidi mtetemo unapofika kati ya mara 200 na 300 kwa sekunde. Mlio mwembamba wa filimbi huvipita. Ngoma kubwa haivipiti: humpanda mtu kuanzia miguuni hadi kifuani. Mwaka 2001, Dk. Dean Shibata wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alionyesha kwamba mtu kiziwi anapoguswa na mtetemo mkononi, huamka sehemu ile ile ya ubongo ambayo kwa wengine hushughulikia sauti.

Ndiyo maana mchezaji kiziwi, kabla ya kuuliza wimbo gani, hukagua sakafu. Mbao zilizoinuliwa juu ya boriti huufikisha mdundo kisiginoni; zege nene huumeza. Spika ya besi hushushwa chini igusane na mbao, viatu huvuliwa, na mazoezi huanza. Sisi wengine hukanyaga chini bila kufikiri. Yeye hupokea kutoka chini, kisha hujibu kwa mwili.

Tazama kazi ya Chisato Minamimura, Mjapani anayeishi London, kiziwi tangu akiwa mchanga. Alicheza na kundi la Candoco kabla ya kujijengea jina kama mtunzi. Mwaka 2019 alitoa Scored in Silence, onyesho la mtu mmoja linalosimulia maisha ya viziwi walionusurika bomu la atomiki la Hiroshima, Agosti 6, 1945. Watazamaji hujifunga mikanda inayotetema, wanaosikia na wasiosikia, ili kishindo kiwafikie kupitia ngozi. Jukwaani ni mikono yake, uso wake, na michoro ya mwanga. Kiini cha kazi hiyo ni mji ulioungua na watu wake, wakiwemo wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao ni nini kilichowapata. Hadithi ya namna hiyo inahitaji msimulizi anayejua, kwa maisha yake mwenyewe, maana ya kuachwa nje ya habari.

Jirani zaidi, Cape Town, yuko Andile Vellem, kiziwi, mmoja wa waanzilishi wa Unmute Dance Company na aliyekuwa mkurugenzi wake wa kisanaa. Yeye huchukua ishara za lugha ya alama na kuzinyoosha hadi ziwe dansi ya mwili mzima. Nchi yake iliifanya lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya 12 mnamo Julai 2023.

Nasi tuna msingi wa kuanzia. Katika Bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, wachezaji huinama na kuinuka na majembe mkononi huku ngoma kubwa zikipigwa, kwa sababu ngoma hiyo ilizaliwa katika kilimo cha pamoja. Mdundo uliwaweka wakulima katika mwendo mmoja. Ndani ya safu kama hiyo, kiziwi ana jembe la jirani machoni na kishindo cha ngoma mwilini. Hana upungufu unaomzuia kucheza. Ana hata la kutufundisha, sisi ambao tumezoea kuifuata ngoma kwa sikio tu huku uhusiano wake na udongo ukififia, sasa inapochezwa juu ya zulia la ukumbi wa hoteli mbele ya wageni.

Kwa hiyo naomba tuache kuwaalika viziwi kama kipengele cha huruma kati ya hotuba mbili, wacheze dakika tano, wapigiwe makofi na kurudishwa kwenye basi. Anayeongoza ndiye anayeamua ngoma ikae wapi, mwanga uwake lini na hadithi ya nani isimuliwe, na kwa kawaida maamuzi hayo kiziwi haachiwi. Vyuo vya sanaa viwaajiri viziwi kuwa walimu wa dansi, pamoja na wakalimani wanaolipwa kwa kazi yao. Waandaaji wa matamasha wampe mtunzi kiziwi onyesho zima, bajeti na miezi ya mazoezi, kisha wamhukumu kwa ubora wa kazi yake, sawasawa na mtunzi mwingine yeyote. Jukwaa nalo liwe la mbao. Gharama yake ni fundi seremala na nia, na kati ya hivyo viwili kinachokosekana ni nia.