Kabla ya Kuhamia Pangani
Wastaafu wakiniuliza mji mdogo wa kuhamia, nawatajia Pangani, pale mto unaoanzia Kilimanjaro na Meru unapoingia baharini, kusini mwa Tanga. Lakini usinunue kiwanja kwa kupenda mandhari. Nenda masika, ulale, uwaulize wazee maji hufika wapi. Mabwawa na umwagiliaji huko juu vimeupunguza mto, hivyo bamvua likija chumvi hupanda hadi mashambani na minazi hunyauka. Onja kwanza maji ya kisima. Kisha vuka kwa pantoni hadi Bweni alfajiri, ubanane na wachuuzi na baiskeli zao. Kwangu, watu hao wanaushinda uzuri wa majumba ya kale. Na hospitali? Pima mwendo wa kufika Tanga usiku, mvua ikinyesha.