Mradi Ukiisha, Nani Atakuwa Bado Yupo?

Leo sina video. Nimeamua kuandika, manake hili jambo haliingii kwa sekunde sitini, na nikiliweka kwa video mtabaki kuangalia nywele zangu tu.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mradi ukitangazwa hapa Mombasa tunauliza maswali mawili: utagharimu pesa ngapi, na utaisha lini. Wakubwa wanayajibu kwa raha zao kwa sababu ni maswali mepesi. Lakini kuna swali la tatu, ambalo ndo lenye uzito, na mara nyingi linamezwa: mradi ukiisha, wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara pale, wangapi watakuwa bado wapo? Mimi nasema mradi usioweza kujibu hilo kwa majina na hesabu, kabla ya tingatinga kuwasha injini, usiitwe maendeleo ya watu wa Mombasa. Huo ni maendeleo ya ardhi ya Mombasa. Ardhi na watu ni vitu viwili.

Tuanze na Buxton, manake ukivuka Nyali Bridge kuingia kisiwani ni hapo hapo. Pale palikuwa na nyumba za zamani za kaunti, 520. Mwaka 2015, gavana akiwa Hassan Joho, kaunti ilitangaza mpango wa kubomoa na kujenga upya mitaa yake kumi ya nyumba za kupangisha. Buxton ikawa ya kwanza. Mwaka 2021 wapangaji waliondoka, kila nyumba ikapewa shilingi 240,000 za kuhama na kupanga kwingine. Baadhi walienda mahakamani kupinga. Nyumba zikavunjwa, na mpango ukawa kusimamisha fleti 1,860 mahali pa zile 520.

Kwa macho ni maendeleo, sikatai. Zile nyumba zilikuwa zimechoka, kuta zimekula chumvi, na mji wetu una shida kubwa ya makao. Lakini njoo tufanye hesabu ya darasa la nne. Toa 520 kwa 1,860, zinabaki 1,340. Yaani hata kama kila mpangaji wa zamani angerudishiwa nyumba moja, kwa kodi anayoiweza, bado kungekuwa na fleti 1,340 za kuuza kwa bei ya soko. Na ardhi yenyewe ilikuwa ya umma. Kwa hivyo mtu asituambie haiwezekani kuwarudisha watu. Inawezekana kihesabu, ila lazima iandikwe kwa mkataba mwanzoni, kabla ya mtu yeyote kufungasha godoro.

Na zile 240,000? Ukipanga nyumba ya elfu kumi kwa mwezi, hiyo ni miaka miwili. Haya, mwezi wa ishirini na tano ukifika? Neno linalopendwa sana kwa miradi ya nyumba ni "kipaumbele". Mtapewa kipaumbele cha kununua. Neno tamu hilo, lakini mtu aliyekuwa analipa kodi ndogo ya kaunti kwa sababu mfuko wake ndo huo, ukimpa kipaumbele cha kununua fleti ya mamilioni ni kama umempa mtu asiye na meno kipaumbele cha miwa.

Mbona nazungumzia Buxton na mimi ni wa huku bara? Kwa sababu kwenye ile orodha ya mitaa kumi Khadija imo. Likoni imo. Changamwe imo. Jirani, hii si habari ya kisiwani peke yake. Likifika kwenu lisikukute unauliza rangi ya fleti.

Sasa huku kwetu kuna jambo lingine, gumu zaidi. Buxton angalau walikuwa wapangaji wa kaunti, majina yao yapo kwa daftari. Frere Town na Kisauni watu wengi wanaishi kwa mtindo tunaouita nyumba bila shamba. Wewe umejenga nyumba, kuta ni zako, mabati ni yako, vyumba unapangisha, lakini ardhi iliyo chini ya miguu yako ni ya mtu mwingine ambaye unamlipa kodi ya ardhi. Mtindo huu ni wa miaka mingi hapa Pwani, na kwa siku za kawaida unaenda sawa. Siku ya mradi ndo unaona ubaya wake.

Fikiria ploti moja tu. Juu kabisa kuna mwenye hati. Chini yake kuna mwenye nyumba bila shamba. Chini yake kuna wapangaji wa vyumba sita. Na pale mbele, kwenye baraza na kando ya njia, kuna mama wa mahamri na mbaazi, fundi viatu, na kijana wa kuchaji simu. Mradi ukipita hapo, pesa inaanzia juu. Mwenye hati ana karatasi, analipwa. Mwenye nyumba atabishana kuhusu thamani ya kuta. Mpangaji ataambiwa atafute kwingine. Mama wa mbaazi atachorewa X.

Ile X nyekundu mnaijua. Mamangu mdogo anauza viazi karai kando ya barabara, miaka na miaka, na amesomesha watoto wawili kwa karai moja. Asubuhi moja alikuta X kwa mbao za kibanda chake. Hakuna barua, hakuna tarehe, hakuna jina la ofisi wala nambari ya kupiga. Tangu siku hiyo hanunui gunia la viazi, ananunua kwa ndoo, kwa sababu hajui kama kesho atakuwa na pa kuvikaangia. Kwa ndoo bei ni ya juu, faida inapungua. Yaani mradi haujaanza na tayari umemla. Hasara ya aina hiyo haiko kwa ripoti yoyote.

Na sisi wa Frere Town zaidi ya wote tulifaa kuwa wakali kwa haya mambo ya karatasi. Hapa petu palianzishwaje? Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na Waingereza kwa Sultan Barghash wa Zanzibar, na mwaka huo huo biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS wakanunua ardhi huku bara wakaweka makao ya watumwa waliokombolewa, wakayapa jina la Frere. Kengele ikawekwa, na ndo sababu mpaka leo makanga wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" hata kama hawajui kwa nini. Wazee wetu wanasema ililia kuwaonya watu hatari ikikaribia.

Watu walipata uhuru, wakapata pa kuishi na pa kulima. Lakini aliyenunua ardhi ndiye aliyeshika hati. Miaka karibu 150 baadaye, ukikaa kwenye baraza yoyote hapa ukataja neno hati, mazungumzo yanabadilika sauti. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uhuru bila karatasi pia ni hivyo hivyo, una tabia ya kuisha pale mwenye karatasi anapotaka kujenga.

Kuna watakaosema, "Wewe kijana unapinga maendeleo, ndo maana hata chuo kilikushinda." Haya. Chuo niliacha kwa sababu ya karo, na kuhesabu fleti hakuhitaji digrii. Kuhusu maendeleo, mimi nayataka kuliko nyinyi. Mimi ndo naishi upande wenye daraja moja. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa la kuelea, la mwaka 1931. Hili tunalovuka leo lilifunguliwa 1980, kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na magari yameongezeka mara ngapi tangu hapo? Anayetoka Kisauni kwenda kazini kisiwani anajua jioni pale Kengeleni panakuwaje. Nataka barabara pana. Nataka maji kwa mfereji. Nataka soko la Kongowea lenye mitaro isiyofurika mvua ikinyesha. Ndugu zangu wa Likoni wanaotegemea feri kila siku ya Mungu nawatakia daraja lao hata leo jioni.

Lakini mradi kuwa mzuri na mradi kuwafaa waliopo si kitu kimoja. Waulize Changamwe. Mwaka 2017 reli mpya ya SGR ilifunguliwa, na treni yenyewe hakuna aliyeichukia, mpaka leo watu wanaipanda wakienda Nairobi. Ila baadaye mizigo ya bandarini ikaamrishwa ipande reli moja kwa moja hadi bohari la Embakasi. Malori yakasimama, na nyuma yake wakasimama makanika, wauza vipuri, mama wa chakula, na wenye vyumba vya kupangisha kule Changamwe na Mikindani. Mwaka 2019 watu walikuwa wakiandamana kila Jumatatu. Ilikuja mpaka Septemba 2022, Rais Ruto alipoapishwa, ndipo akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Miaka yote hiyo reli ilikuwa nzima, inang'aa. Waliokuwa wakila kwa bandari ndo hawakuhesabiwa. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Nitawaambia kitu kimoja cha ndani ya kazi yangu. Miradi inapenda sana vijana wa kontenti. Unapigiwa simu, unaambiwa njoo na droni, piga picha machweo, weka muziki, sema "Mombasa inabadilika". Mimi nilipigiwa na watu wa mradi fulani. Nikawauliza, naweza kuhoji waliokuwa wakiishi hapo? Wakasema watanipigia. Bado nangoja. Sasa ukiona video ya jengo kutoka juu, jiulize kwa nini kamera haishuki chini. Kutoka angani mtu haonekani.

Basi tufanye nini? Kulalamika kwa komenti tumeshalalamika sana. Nimekaa nikasoma sheria kidogo, na silaha tunazo, tatizo tunaziacha kabatini.

Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 40(4), inasema serikali ikichukua ardhi, fidia inaweza kutolewa hata kwa waliokuwa wakiikalia kwa nia njema bila ya hati. Soma tena hapo. Mwenye nyumba bila shamba, hilo neno liko kwa ajili yako. Haijasema utalipwa lazima, lakini pia haijasema wewe si mtu. Usikubali kuambiwa "huna hati, huna neno".

Pili, Sheria ya Ardhi inataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya mtu kutolewa alipokaa. Rangi nyekundu kwa mbao si ilani.

Tatu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma uombe stakabadhi, na ijibu ndani ya siku 21. Omba mkataba. Omba ramani. Omba orodha ya wanaolipwa. Mkiandika watu kumi kutoka mtaa mmoja, hiyo barua haitafunikwa na faili.

Nne, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ile inayokata walioajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, imetaja kabisa kundi la wenye mapato ya chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na aina ya nyumba zao. Mama wa mbaazi yuko kwa sheria. Basi mradi wowote wa nyumba ukija, tuulize wazi: za hao ni ngapi, na ziko ghorofa ya ngapi?

Lakini kubwa kuliko yote, tuandike daftari letu wenyewe. Kabla ya mkutano wowote wa maoni ya wananchi, mtaa ukae chini uhesabu: nani anaishi hapa, tangu lini, kwa nyumba ya nani, anafanya biashara gani, anaingiza kiasi gani kwa siku. Picha, jina, sahihi. Wazee wa mtaa wanajua nani ni nani, sisi vijana tuna simu, kazi hiyo ni ya wikendi mbili. Tukiingia ukumbini na orodha yetu, mazungumzo yanaanza kwa watu, hayaanzi kwa ramani. Tukienda mikono mitupu tutapewa soda na fulana, tupigwe picha, na hiyo picha ndo itaitwa ushirikishwaji wa umma.

Kwa hivyo mkiitwa mkutano, iwe ni wa barabara, soko au fleti, nendeni. Msiwaachie wazee peke yao. Waacheni wamalize hotuba, wataje mabilioni yao na tarehe zao. Halafu mmoja wenu asimame, kwa adabu, bila matusi, aulize lile swali la tatu, na asikae chini mpaka apewe nambari.