Kisima, Ugunduzi na Akiba: Maneno ya Mafuta na Gesi Yasikikavyo Maisaka

Mkazi wa Maisaka, mjini Babati, hana mtambo wa mafuta mlangoni pake, lakini habari za mafuta zinamzunguka. Upande wa magharibi liko bonde la Eyasi-Wembere, ambako Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linaendesha utafutaji. Upande wa kusini, ndani ya mkoa wake huohuo wa Manyara, Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki linapita katika wilaya za Hanang na Kiteto kuelekea Chongoleani, Tanga. Kila taarifa ya habari inamletea maneno yaleyale: mafuta, kisima, uchimbaji, ugunduzi, akiba. Hakuna hata moja lililo geni kwake, na hapo ndipo penye tatizo. Anayajua yote, ila kwa maana nyingine.

Makala haya yanayapima maneno hayo moja baada ya jingine. Kosa la matumizi katika uwanja huu halimkeri mwalimu wa sarufi peke yake. Laweza kumfanya mtu anunue kiwanja kwa bei ya juu, au aahirishe kupanda, kwa kutegemea utajiri ambao aliyeandika habari hakukusudia kuutangaza.

Mafuta ghafi na petroli

Katika ukanda wa Manyara na Singida, *mafuta* yakitajwa bila kivumishi, mtu wa kawaida hufikiria alizeti. Hata *mafuta ghafi* yana maana mbili zinazoishi pamoja. Kwa mwenye kiwanda cha kukamua ni mafuta ya kula ambayo hayajasafishwa; kwa mhandisi wa bomba ni mafuta yatokayo ardhini kabla ya kufika kiwanda cha kusafishia. Ghafi ya Uganda ina nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, ndiyo maana bomba hilo la kilomita 1,443 limesanifiwa kupashwa moto ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Mwandishi akisema *mafuta ghafi ya petroli* mara ya kwanza, utata huondoka.

*Petroli* nayo inababaisha. Kwa dereva wa bodaboda ni kile kinachouzwa kituoni. Kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, neno hilo linakusanya mafuta ghafi na gesi asilia pamoja. Kwa hiyo Mamlaka ya Udhibiti Mkondo Juu wa Petroli (PURA) haisimamii bei ya lita kituoni. Husimamia utafutaji na uzalishaji. *Mkondo wa juu* ni kazi ya kutafuta na kutoa, *mkondo wa kati* ni kusafirisha na kuchakata, na *mkondo wa chini* ni kusambaza na kuuza. Sitiari hii imetoka mtoni, na mkulima anayemwagilia kwa mfereji huielewa bila maelezo marefu.

Mitetemo si tetemeko

Kabla ya kutoboa ardhi, watafutaji hukusanya *data za mitetemo*. Malori mazito hutikisa ardhi kwa kipimo, au baruti kidogo hulipuliwa katika vishimo, kisha vipokezi vilivyopangwa kwa mistari hunasa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Kutokana na muda ambao mawimbi hutumia kwenda na kurudi, wataalamu huchora sura ya matabaka hayo.

Neno *mtetemo* ni sahihi, lakini lina jirani wa kutisha, *tetemeko*. Mkoa wa Manyara bado unakumbuka maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, ya Desemba 2023, na mengi yaliyosemwa wakati ule juu ya kilichomo ndani ya mlima. Mwandishi anayetaja mitetemo mahali kama hapo anawajibika kuongeza sentensi moja ya kueleza namna inavyofanywa. Aongeze pia kwamba mitetemo haioni mafuta. Huonyesha maumbo ya miamba ambamo mafuta *huenda* yakawamo. Mwandishi anayesema kwamba mitetemo "imebaini mafuta" amelifuta neno *huenda*, na kulifuta ni kubadilisha habari.

Kuchimba au kuchoronga?

Kiswahili cha magazeti hulitwika neno *uchimbaji* mizigo mitatu: kutoboa ardhi ili kujua kilichomo, kutoboa ili kutoa, na biashara nzima ya kutoa. Sekta ya madini imekwisha kutupatia msaada. *Kuchoronga* ni kutoboa mwamba kwa mtambo unaozungusha kekee, na *uchorongaji* ni kazi hiyo yenyewe, bila kuahidi lolote kuhusu kitakachopatikana. TPDC ilipotoboa visima vifupi katika bonde la Eyasi-Wembere, lengo lilikuwa kuchunguza matabaka ya miamba. Huo ulikuwa uchorongaji wa utafiti. Kuuita "uchimbaji wa mafuta" ni kumvisha mtoto kanzu ya babu yake.

Hata *kisima* kinahitaji kivumishi. Mtaani Babati ni mahali pa kuteka maji, na kikiwapo, basi maji yapo au yalikuwapo. Katika petroli, *kisima cha utafutaji* ni swali linaloulizwa kwa gharama kubwa. *Kisima cha tathmini* huchorongwa baada ya ugunduzi ili kupima ukubwa wake. *Kisima cha uzalishaji* ndicho hutoa bidhaa. Kuna pia *kisima kikavu*. Msikilizaji wa Maisaka akisikia neno hilo huona kisima kilichoishiwa maji. Kwa mtafuta mafuta, kisima kikavu ni kile ambacho hakikukuta mafuta wala gesi ya kutosha kibiashara, na chaweza kuwa kimejaa maji tele. Kwa wasikilizaji wa jumla, *kisima kisicho na mafuta* ni salama zaidi.

Tahadhari kama hiyo yafaa kwa *mwamba hifadhi*, yaani mwamba wenye vitundu vinavyobeba mafuta au gesi. Katika mkoa wenye Tarangire, *hifadhi* ni pori la wanyama, na kauli kwamba "mafuta yamo ndani ya hifadhi" inaweza kuzua mjadala mwingine kabisa. Tunapendekeza *mwamba bebezi*, au maelezo mepesi: mwamba unaobeba mafuta.

Kutoka ugunduzi hadi akiba

Hapa ndipo penye uzito wa mambo. *Ugunduzi* maana yake ni kwamba kisima kimekuta mafuta au gesi. Hausemi ni kiasi gani, wala kama inalipa kukitoa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Uzalishaji ulianza 2004. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982. Uzalishaji ulianza 2006. Mtoto aliyezaliwa siku ya ugunduzi wa Songo Songo alikuwa na umri wa miaka 30 gesi ilipoanza kutumika.

Neno *akiba* ndilo linalotumiwa ovyo kuliko yote. Uganda ilitangaza ugunduzi wa mafuta yenye faida kibiashara mwaka 2006. Kiasi kinachokadiriwa kuwamo ardhini ni mapipa bilioni 6.5, lakini kinachokadiriwa kuweza kutolewa ni takriban bilioni 1.4. Mengine yatabaki yameshikamana na mwamba. Vilevile futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi ya Tanzania, zinazotajwa mara kwa mara, ni makadirio ya gesi iliyomo ardhini, na nyingi yake iko chini ya bahari kuu. Kuziita "akiba" ni sawa na mkulima kuhesabu kila ua la mharagwe kuwa ni debe la maharage. Tunashauri *kiasi kilichomo* kwa kipimo cha kwanza, na *akiba* ibaki kwa kile tu kinachoweza kutolewa kwa teknolojia na bei zilizopo.

Kwamba tofauti hii si ya kitabuni kulidhihirika Mtwara mwaka 2013, pale ghasia zilipozuka kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Sababu za ghasia zile zilikuwa nyingi, na lugha haikuwa kubwa kuliko zote. Lakini matarajio ya watu hujengwa kwa maneno wanayopewa, na neno lililoahidi mno hudai malipo yake siku moja.

Ushauri wa matumizi

Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, istilahi hizi zimeacha kuwa pambo la habari. Neno lililomo katika tangazo la leo laweza kesho kusomwa mbele ya hakimu. Kwa mwandishi, basi: tumia *utafutaji* kwa hatua yote ya kusaka, *uchorongaji* kwa kutoboa, *uzalishaji* kwa kutoa, kipe kila kisima kivumishi chake, usiseme *akiba* kabla haijapimwa.

Kwa msomaji wa Maisaka na kwingineko, maswali matatu yanatosha. Kisima hiki ni cha aina gani? Kiasi kinachotajwa ni kilichomo ardhini au kinachoweza kutolewa? Hatua iliyofikiwa ni ipi, na zimebaki ngapi? Taarifa isiyojibu hata moja kati ya hayo bado haijawa habari ya mafuta, na si busara kupanga bei ya shamba kwa kuitegemea.