Amri ya Kufungiwa Isifunge Riziki

Si haki, wala si busara, kuwafungia watu mlango wa riziki kwa ajili ya kuwalinda na maradhi, kisha wakaachwa bila ya msaada wa kuwavusha mpaka siku watakaporuhusiwa kurejea kazini.

Tarehe 26 Machi 2021 ilitangazwa amri ya kuzuia safari za kuingia na kutoka katika eneo la kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, ambamo hakukuwa na ruhusa ya kutoka nje tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi za alfajiri, mabaa yakafungwa na mikahawa ikabakia kuuza chakula cha kuchukua tu. Nasi hatukanushi kwamba korona ilikuwa imeenea, wala kwamba uhai ni amana ipitayo kila mali.

Lakini kibarua, mpishi na utingo hula leo kwa jasho la leo, na njaa ikiwabishia hodi hakuna amri itakayowazuia wasitoke, na hapo ndipo maradhi yatakapopata njia.

Tena, kurejea kazini pasipo maji ya kunawia, nafasi ya kutosha, na idhini ya mgonjwa kukaa nyumbani bila ya kukatwa ujira, ni kualika wimbi jingine.

Basi wenye mamlaka, kila watoapo amri kama hiyo, na watoe msaada papo hapo, watangaze mapema masharti ya kufungua, na wawalazimishe waajiri wayatimize.