Wasimamizi wa amani wakipanda ndege, sisi Kagera tunabaki

Juzi nilikuwa kijiweni hapa Miembeni, Bukoba, nakunywa kahawa. Watu wakaanza kujadili mkataba wa Kongo na Rwanda uliosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, na ile kamati ya kuusimamia: wenyewe wawili, Marekani, Qatar na Umoja wa Afrika. Mzee mmoja wa Ngara akauliza taratibu, "Vijana wangu, hao wasimamizi mambo yakiharibika wanakaa, au wanapanda ndege?"

Tulicheka. Baadaye nikaona hakuna la kuchekesha.

Mzee alikuwa anakumbuka Arusha. Tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Habyarimana na RPF walisaini amani hapa hapa nchini kwetu, na Umoja wa Mataifa ukapeleka jeshi la UNAMIR kusimamia, chini ya Jenerali Dallaire wa Canada. Tarehe 11 Januari 1994 akaandikia New York kwamba amepata habari za silaha zilizofichwa Kigali, anataka kwenda kuzikamata. Akakataliwa! Aliambiwa hiyo si kazi yake, kwanza akamwarifu Rais Habyarimana. Jamani, silaha zenyewe ni za mgambo wa chama cha rais huyo huyo.

Aprili mauaji yakaanza. Wanajeshi kumi wa Ubelgiji wakauawa, Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua jeshi lipunguzwe hadi watu 270. Watu wanachinjwa, msimamizi anapunguza walinzi. (Waghana wengi walibaki na Dallaire na wakaokoa watu. Hao husikii wakitajwa sana.)

Wiki moja baadaye watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Wilaya ya wakulima ikaamka ina kambi ya Benaco. Miili ikashuka na Mto Kagera hadi ziwani. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini mkoa huu bado unayasimulia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: anayesimamia amani awe pia ni mtu atakayeumia ikivunjika. Balozi wa New York mwaka 1994 alipiga kura, akaenda kulala. Mkuu wa wilaya ya Ngara hakulala. Watu kama huyo, wa upande wetu na wa Kigoma, Uganda na Burundi, wangepewa kiti kwenye kamati hizi, na haki ya kupiga kelele mapema. Najua mtaniambia majirani nao wana maslahi yao, na wengine ndio wanaochochea moto. Ni kweli. Ila hata Baraza la Usalama lina maslahi, tena lenyewe liko mbali na moshi.

Nyie wadau mnasemaje? Mzee wa Ngara anasubiri jibu, na kesho ni zamu yangu kulipia kahawa.