Windows ya Zamani Bado Mnaishi Nayo?

Wapendwa, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, lakini kwenye kompyuta yenu bado ipo, imebanana na mpya, na kila mkiwasha mnaulizwa mnaingia ipi. Ifuteni. Ila usiifute peke yako mwenzio akiwa kazini! Picha zake za sendofu huenda zimo humo, kwenye folda ya Users. Nakilini zote kwenye diski ya nje, mzifungue mjionee. (Za yule wa zamani? Hizo mtajuana wenyewe.) Halafu, mkiwa ndani ya Windows mpya, nendeni Disk Management mfute ile sehemu ya zamani. Ikiwa imeandikwa System, msiiguse, muiteni fundi. Mkiifuta hata mpya haitafunguka. Jina lake likibaki kwenye orodha ya kuwashia, mnaliondoa kwa msconfig.