Mgeni Aliyepewa Jembe Siku ya Kwanza

Hapa Isiolo ukimtaja Dejan watu hucheka. Namsema Dejan Georgijević, yule mshambuliaji wa Kiserbia aliyesajiliwa na Simba ya Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2022, akaondoka kabla mwezi wa Septemba haujamalizika. Kwa wengi kisa chake ni kichekesho: Mzungu alikuja, akapigiwa vigelegele, akafunga, akatoweka. Mimi sicheki. Naona kisa kile kilituumbua sisi wenyeji zaidi kuliko kilivyomwumbua mgeni. Na wanaocheka zaidi, jambo la ajabu, ni vijana ambao wao wenyewe usiku na mchana waota kuondoka waende kucheza ugenini.

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akauliza, Isiolo na Simba wapi na wapi? Jawabu ni lugha. Mji huu ni njia panda. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, kila mmoja ana lugha ya mamaye, lakini wakikutana sokoni hukutana kwa Kiswahili. Mpira wa Uingereza huutazama kwa macho tu. Mpira wa Dar huusikia na kwa masikio, kwa kuwa mtangazaji asema nawe kwa lugha unayotania nayo na kugombania nayo. Ndiyo maana mimi mtu wa pwani, niliyehamia huku kwa kazi, sikukosa wa kubishana naye juu ya Simba na Yanga tangu wiki ya kwanza.

Basi huyu Dejan alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1994. Alipitia Partizan ya Belgrade, ambayo ni moja katika klabu mbili kubwa za nchi ile, akachezea Ferencváros ya Hungaria, na alipokuja Dar alikuwa ametoka Domžale ya Slovenia. Hayo ndiyo maisha ya washambuliaji wengi wa upande ule wa Ulaya: mwaka huu hapa, mwaka ujao pale, na begi halifunguliwi lote. Mtu wa namna hiyo si nyota wa dunia, wala si mbabaishaji. Ni fundi anayefuata kazi ilipo, kama mabaharia wetu wa zamani walivyofuata upepo, ukivuma kaskazi wako huku, ukivuma kusi wako kule.

Lakini Dar haikumpokea fundi. Ilipokea Mzungu. Jina alilopewa na wazazi wake liliwekwa kando, na mashabiki wakamwita kwa rangi yake. Najua nitaambiwa huo ulikuwa utani, na Waswahili bila utani si Waswahili. Sawa. Ila utani ule ulikuwa na deni ndani yake. Mtu akiitwa Mzungu katika kandanda yetu haitwi bure, ametarajiwa miujiza. Kijana wa Kitanzania akikosa bao husemwa kakosa. Yeye akikosa, uwanja mzima ulikuwa ukiulizana Mzungu gani huyu.

Tena Waserbia si wageni katika mpira wetu. Milutin Sredojević, aitwaye Micho, alifundisha Villa ya Kampala, akafundisha Yanga, kisha akaipeleka Uganda kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2017, jambo ambalo Uganda haikuwa imelipata tangu 1978. Simba yenyewe ilichukua ubingwa wa mwaka 2012 ikiwa na Milovan Ćirković, na Kombe la Mapinduzi la 2015 ikiwa na Goran Kopunović. Lakini hao wote walikuja wakiwa walimu, na mwalimu tumezoea kumpokea kutoka mbali. Mshambuliaji ni jambo jingine. Huyo huchukua nafasi ya mtoto wa nyumbani, na mbele ya goli hakuna pa kujificha.

Mwezi ule wa Agosti alifunga bao katika ligi dhidi ya Kagera Sugar. Kocha wake alikuwa Mserbia mwenzake, Zoran Manojlović, ambaye wengi walimjua kwa jina la Zoran Maki, naye alikuwa amekuja msimu ule ule. Mwanzoni mwa Septemba kocha akaondoka, akaenda zake kufundisha Misri. Hazikupita wiki nne, Dejan akatangaza katika Instagram kwamba mkataba wake umekwisha, kwa hoja kuwa klabu ilikuwa imeuvunja. Klabu haikuliona jambo hilo kama alivyoliona yeye.

Nani alikuwa na haki? Mimi si kadhi wa shauri hilo. Ninalolishika ni hesabu ya siku. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huutumia msemo huu kumsimanga mgeni mvivu, na husahau kuwa una upande wa pili, nao ni zile siku mbili. Siku mbili ni haki yake. Ni za kujua kisima kiko wapi, nani mkubwa wa nyumba, na chumvi huwekwa wapi. Mshambuliaji naye anazo siku mbili zake: ajue winga wake hupiga krosi kwa mguu gani, ajue nyasi, ajue joto la Dar ambalo hata sisi wa Mombasa twalilalamikia, ajue beki wa Kagera humkanyaga mtu wakati refa akitazama wapi. Dejan alipewa jembe akiwa bado na vumbi la safari, na mtu pekee katika benchi aliyeweza kumfokea kwa lugha ya kwao akaondoka.

Tazama Meddie Kagere. Huyu mshambuliaji wa timu ya taifa ya Rwanda alitoka Gor Mahia mwaka 2018 kwenda Simba, akawa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, mabao 23 wa kwanza na 22 wa pili. Watu husema, unaona, Mwafrika mwenzetu ni bora. Mimi naona jambo lingine. Kagere alikuwa amekwisha kumaliza siku zake mbili kabla hajafika Dar. Miaka yake ya Nairobi ilikuwa imemfundisha viwanja vyetu, marefa wetu, na kelele zetu.

Na kwa upande wa pili mtazame Michael Olunga, kijana wetu wa Kenya. Aliondoka Gor Mahia akaenda Sweden, kisha China, kisha Girona ya Hispania, na katika vituo hivyo viwili vya mwisho hakukaa sana. Lau wenyeji wangemhukumu kwa miezi michache ya China, Novemba 2019 isingemkuta Japani akifunga mabao manane peke yake Kashiwa Reysol ilipoibomoa Kyoto Sanga 13 kwa 1, wala mwaka 2020 asingekuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japani, kwa mabao 28. Kuna mahali Olunga alikuwa Dejan. Sisi hatukucheka, kwa kuwa alikuwa wetu.

Hapa ndipo nawarudia vijana wangu wa Bulapesa. Kila asubuhi maziwa ya ngamia hupakiwa katika mabasi hapa Isiolo yakaenda kuuzwa Eastleigh, Nairobi. Yana njia: kina mama wanajua nani ananunua, kwa bei gani, na mtungi utarudi lini. Mguu wa kijana hauna njia kama hiyo. Akitokea mtu na simu mbili na miwani ya jua akasema ana timu Ulaya, mzee atauza ngamia. Basi wajue haya machache. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayemwahidi mtoto wa miaka 16 Ulaya, na aulizwe ni sababu ipi. Tena sheria hizo zasema klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji aweza kuvunja mkataba kwa haki, lakini kwanza aiandikie na kuipa siku 15 zisizopungua. Si kwamba nasema hilo ndilo lililotokea Dar. Nasema Dejan, pamoja na uchache wa siku zake, alijua mkataba ni kitu chenye mlango wa kutokea. Kijana wetu wangapi wamewahi kuusoma mkataba wowote?

Mmoja wao, mshambuliaji wa kati mwenye miguu mirefu kama korongo, aliniuliza swali ambalo halikuwa na kicheko. "Mzee, nikienda mimi huko Serbia, wataniita nani?"

Nikamwambia Mganda Joseph Kizito alikwenda, akaichezea Partizan, klabu ile ile aliyopitia Dejan, na kule alijulikana kwa jina lake, Kizito.

Akanyamaza kidogo. Kisha akataka kujua kama huko maziwa ya ngamia hupatikana.